Moto wa Okemwa Chini ya Majani Chai

Obadiah, msimamizi wa ratiba ya mazishi, alimpa Nyanchera dakika tano. Alizionyesha kwa vidole vyote vya mkono mmoja, kisha akagonga kioo cha saa yake, ili bibi kizee aelewe kwamba hata saa imekubali.

"Tano tu, Mama. Bado mwakilishi wa chuo, bado mchungaji, bado kuzika. Na Sabato iko mlangoni."

"Mtu wa miaka arobaini na nne nimmalize kwa dakika tano?" Nyanchera akauliza, na sauti yake ikafika hadi kwa waliosimama nyuma. "Hata jogoo wa mgeni hukimbizwa zaidi ya hapo kabla hajakamatwa."

Waombolezaji wakacheka, kile kicheko cha matangani ambacho watu hukimalizia kwa kukohoa. Walishamzoea. Nyanchera akisimama mbele ya watu, watu hushika mbavu mapema. Lakini siku hiyo kulikuwa na mmoja asiyecheka. Kwenye mstari wa pili wa viti, mwanawe Onsongo alikuwa amekaa, kofia magotini, akimtazama mdomoni. Si machoni. Mdomoni.

Nyuma ya Onsongo, juu kwenye mteremko, majani chai yalikuwa yametandazwa sawasawa kama kitanda cha bibi arusi, ekari mbili na kitu. Mahali fulani chini ya kitanda hicho kulikuwa na mafiga matatu. Nyanchera alijua yapo. Hakujua yapo wapi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tano, mwaka wa 1977, saa kumi na mbili kasoro robo. Gari lililoleta jeneza kutoka Nairobi lilikuwa limezama kwenye tope la Ikonge tangu asubuhi, likasukumwa na wachuma chai, na lilipofika Nyaramba jua lilikuwa limeshaanza kurudi kwao. Likizama, Sabato imeingia, na hakuna jembe litakaloinuliwa tena hadi Jumapili. Mchungaji Abner alikuwa ameshasema hivyo mara mbili, na mara ya pili hakutabasamu.

Aliyelala kwenye jeneza alikuwa Profesa Okemwa, mwalimu wa elimu ya udongo katika chuo kikuu, mume wa Esnah, baba wa watoto watatu. Hakuwa mtoto wa tumbo la Nyanchera. Mamake alikuwa Drusilla, mke mkubwa wa marehemu mzee Nyangate, na Drusilla alifariki Okemwa akiwa bado shuleni. Nyanchera, mke mdogo, ndiye aliyemalizia kumlea pamoja na Onsongo, mwanawe wa pekee. Aliwapikia chungu kimoja. Aliwachapa kwa fimbo moja pia, ili kusiwe na upendeleo.

Na kaburi lilikuwa tayari limechimbwa. Hapo ndipo penye kidonda.

Katika milima hii mwanamume mzima hazikwi kokote tu. Huzikwa kando ya nyumba yake, upande wa kulia. Asiye na nyumba nyumbani, ndugu zake humjengea kibanda cha haraka, fito na nyasi, ili kaburi lipate pa kuegemea. Na likishaegemea, basi. Hapo ndipo kwake. Watoto wake wakija siku moja kuuliza shamba, wataonyeshwa kaburi la baba yao na kuambiwa, kwenu ni hapa.

Kibanda cha Okemwa Onsongo alikijenga Jumatano, chini kabisa bondeni, penye matete, mahali ambapo hata magimbi huoza. Vyura walihamia kabla mlango haujatiwa. Na ile ardhi ya juu, yenye majani chai, ambayo mzee Nyangate aliipa nyumba ya Drusilla akiwa hai na akili zake, ingebaki mikononi mwa anayeichuma. Yaani Onsongo.

"Profesa hakuwa na nyumba hapa," Onsongo alikuwa amewaambia wazee. "Ile ya zamani ilikuwa *saiga*, kibanda cha kijana asiyeoa. Saiga haina mafiga. Na isiyo na mafiga si nyumba."

Alichosema kuhusu saiga kilikuwa kweli tupu. Alichosema kuhusu ile nyumba kilikuwa uongo, na Nyanchera alikuwa na haki ya kuutambua uongo, maana ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Desemba ya mwaka wa 1966, Okemwa alipomwoa Esnah, binti wa kutoka Nyakoe, walilala kwenye nyumba ile ya juu siku nne kabla ya kurudi Nairobi kazini. Mvua ilinyesha siku zote nne, mtu hakuona pua yake, sembuse moshi wa jirani. Ni Nyanchera aliyebeba kaa la moto kutoka jikoni mwake, katika kigae cha chungu, chini ya jani la mgomba, akapanda nalo mlimani akiteleza na kulaani, akaliweka katikati ya mafiga matatu mapya. Ni Esnah aliyesonga ugali wa kwanza hapo. Ulikuwa mbichi. Okemwa aliula wote.

Mwaka wa 1968 akaenda ng'ambo kusoma, na mke na mtoto. Mchwa wakala fito, mvua ikala kuta. Mwaka wa 1970 Onsongo alikuja jikoni kwa mamake, akasimama mlangoni kama mtu aliyetumwa.

"Mama, nataka kupanda majani chai kule juu. Ardhi inalala bure. Lakini kuna yale mafiga." Aliogopa, na alikuwa na sababu. Kung'oa mafiga ya ndugu aliye hai ni kumchimbia kaburi.

Nyanchera alikuwa akikoroga uji. Hakuacha kukoroga. "Usiyang'oe," alisema. "Yafukie."

Neno moja. Kwa neno hilo alipata mabati ya jiko lake, blanketi zito, na sukari kila wiki kwa miaka saba. Mwaka wa 1973 Okemwa alirudi akiwa profesa, akaitazama chai, akacheka: "Kumbe ndugu yangu ameifunika nyumba yangu shuka ya kijani." Hakusema zaidi, wala hakudai. Ila kila Desemba aliingia kati ya majani na kusimama mahali, peke yake, kwa muda. Nyanchera hakupata kuona ni wapi. Kila mara alikuwa ameinamia sufuria, akisugua mahali palipokwisha kung'aa.

Jana, Alhamisi, alikuwa amekwenda kwa Mzee Ogari, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye neno lake ndilo linalofunga mambo ya ukoo.

"Shemeji, mafiga yapo. Mimi mwenyewe niliwasha moto."

Ogari alimtazama kwa huzuni. "Nyanchera, wewe ndiwe uliyetwambia serikali inakuja kuhesabu kuku ili kila mwenye zaidi ya watano atozwe."

"Hayo ni ya zamani."

"Nililala na majogoo wawili kitandani. Mke wangu hajanisamehe." Akajifunga koti. "Sikatai. Nionyeshe jiwe, nitakuamini. Maneno yako nimeyala ya kutosha maishani mwangu."

Nyanchera akaenda kutafuta. Alitembea kati ya chai mchana kutwa, akichokonoa kwa fimbo. Miti aliyoikumbuka ilikuwa imekatwa. Kila mstari ulifanana na mwenzake. Esnah naye hakuweza kumsaidia. "Mama, nilikuwa bibi arusi," alimwambia jikoni, macho yamemvimba. "Siku nne zote nilitazama chini. Nakumbuka sakafu tu." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Alitaka watoto wajenge pale. Nikisema, wanaume wanatazama pembeni. Wewe wanakutazama."

Ndiyo sababu sasa, wakati Obadiah anaangalia saa yake, mke wake Obadiah, Tryphosa, alikuwa kule juu mteremkoni, migongoni mwa watu, na jembe lake, amechutama kati ya mistari, akichimba. Wanawake hao wawili walikuwa wameimba sauti ya tatu pamoja kanisani kwa miaka ishirini na kukosea pamoja. Makubaliano yalikuwa mafupi: Tryphosa achimbe, akipata jiwe apunge kitambaa cheupe. Kazi ya Nyanchera ilikuwa kuwazuia watu wasiinuke.

"Mwanangu Okemwa," Nyanchera akaanza, "alianza kazi yake ya uprofesa akiwa na miaka minne. Alikula udongo."

Vicheko.

"Alikula ukuta wa jiko la Drusilla mpaka ukatoboka, kuku wakapitia hapo. Tulimchapa. Tukampa dawa ya minyoo. Kumbe tunaharibu masomo! Miaka thelathini na kitu baadaye serikali inampa gari na nyumba, na kazi ni ile ile, kuonja udongo. Nikamwambia, mwanangu, hapa kijijini tuna watoto kumi na wawili wenye shahada yako, waje lini?"

Hata yule mwakilishi wa chuo, mtu mwembamba mwenye tai, alicheka mpaka akavua miwani. Nyanchera akatumia vicheko kutazama juu. Mgongo wa Tryphosa uliinuka, ukainama. Kitambaa hakikuonekana.

"Aliporudi kutoka ng'ambo wakasema ni daktari. Shemeji yangu Ogari huyu akamletea mbuzi mgonjwa."

"Ni kweli," Ogari akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Profesa akamtazama mbuzi. Akaenda akatazama malisho, akachukua udongo, akauweka ulimini. Akarudi akasema, 'Mzee, mbuzi ni mzima. Malisho ndiyo yanayoumwa.'"

"Na akayatibu," Ogari akasema. "Kwa majivu na samadi. Hakutaka hata chai." Akakohoa, akaufuta uso kwa kiganja chote.

"Mama." Obadiah alikuwa ameinua saa. "Tano zimekwisha."

"Ziongeze kutoka kwa mwakilishi wa chuo. Yeye ni kijana, ana dakika nyingi."

Kule juu jembe lilisimama. Tryphosa alitikisa kichwa, akasogea mistari minne, akainama tena. Jua lilikuwa limeshagusa mgomba wa juu kabisa.

Akawaeleza habari ya soko la Nyaramba. Jinsi Okemwa, na tai yake, alivyopita katikati ya wauza ndizi akiwa amembeba binti yake Marion mgongoni, kwa leso ya mkewe, kwa sababu Esnah alikuwa na homa na mtoto alikuwa akilia. Jinsi wanaume walivyompigia miluzi. Mmoja, ambaye Nyanchera hakumtaja ila alimtazama sana, alimwita mwanamke wa Nairobi.

"Mnakumbuka alivyomjibu? 'Mgongo ninao, mtoto ninaye. Wewe unabeba nini?' Na yule bwana alikuwa anatoka kunywa, hajabeba kitu, hata akili."

Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Marion, mwenye miaka tisa sasa, alificha uso begani mwa mamake. Mchungaji Abner alitazama magharibi. Akasimama.

"Mama Nyanchera, Mungu akubariki kwa kumbukumbu hizi. Nadhani sasa..."

"Mchungaji, bado moto."

"Moto gani?"

Hakuwa amepanga kulisema hivyo. Alitazama juu mara ya mwisho. Tryphosa alikuwa amenyooka, mikono kiunoni, akitikisa kichwa polepole. Sehemu tatu, na hakuna kitu. Walichokuwa nacho ni nusu saa na ekari mbili.

"Moto niliouwasha mimi," Nyanchera akasema, "kwenye nyumba ya Okemwa, kule juu, mwezi wa kumi na mbili mwaka wa sitini na sita. Kati ya mafiga matatu. Ile haikuwa saiga. Mke alipika pale. Mnakwenda kumzika mtu kwa vyura, na nyumba yake ipo."

Onsongo akasimama. Hakupaza sauti, kupaza sauti ni kwa asiye na uhakika.

"Wazee, mamangu amechoka. Amempenda marehemu, sote twajua. Lakini pia mnamjua." Akageuza kofia mikononi. "Ni nani hapa ambaye hajawahi kudanganywa naye?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mtu fulani nyuma alisema "kuku" na mwingine akamnyamazisha.

Iliuma. Nyanchera alikuwa ametukanwa na wengi, na wengi aliwarudishia kwa riba. Lakini huyu alikuwa ametoka tumboni mwake, na alichosema kilikuwa kweli. Angeweza kukaa sasa. Angekaa, Sabato ingeingia, na kesho kutwa sukari ingekuja kama kawaida.

"Ni kweli mimi ni mwongo," akasema. "Kwa hiyo nisikilizeni vizuri, maana sijazoea kusema hili. Mwaka wa sabini mwanangu alikuja kuniuliza kuhusu yale mafiga, nami nikamwambia yafukie. Ni mimi niliyemwambia. Mabati yale mnayoyaona juu ya jiko langu ndiyo mshahara wangu."

Esnah aliinua kichwa. Nyanchera hakuweza kumtazama.

Ogari alisimama kwa shida, akiegemea fimbo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliotisha. "Shemeji, ni neno zito hilo. Lakini ni neno. Mwanao anasema hapana, wewe unasema ndiyo, na jua haliwangoji nyote. Nilikwambia jana. Jiwe."

"Sijui lilipo."

"Basi tuzike."

Wachimbaji wakaanza kuinuka. Wanaume sita wakasogea kwenye jeneza. Esnah akalishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika mlango usifungwe. Nyanchera alimtazama mwanawe, naye Onsongo alikuwa ameshageuka, si kulitazama jeneza, bali kuitazama chai yake. Kulikuwa na mtu mle ndani. Alikuwa amemwona Tryphosa.

Na macho aliyomtazama nayo! Nyanchera aliyajua macho yale. Ni ya Onsongo wa mwaka wa sabini na moja, mwaka wa kiangazi, aliyepanda mlima na debe la maji kichwani, shina kwa shina, akinywesha chai kabla hajanywa yeye mwenyewe. Aliipalilia kwa mikono. Akipita mahali ambapo ng'ombe amevunja tawi, hakula siku hiyo.

Bibi kizee akavuta pumzi mpaka kwenye visigino.

"Tryphosa!" akaita, kwa sauti ile iliyokuwa ikiharibu kwaya. "Tryphosa, mwanangu anasema hakuna kitu! Kama hakuna kitu, hatumkosei mtu! Ng'oa!"

Kule juu Tryphosa akaweka mkono sikioni.

"Ng'oa mashina! Anza na hayo manene!"

"Mama!" Onsongo akasema.

Tryphosa hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Jembe likapanda, likashuka. Walisikia shina likipasuka, sauti kama ya mfupa. Akalishika kwa mikono, akalivuta, akalitupa pembeni na mizizi yake hewani.

"Huyo ni mke wangu?" Obadiah akauliza, saa bado mkononi.

La pili. La tatu. Udongo mwekundu ukaruka. Waliobeba jeneza wakasimama nalo, hawajui waende mbele au warudi. Nyanchera hakutazama chai. Alimtazama Onsongo. Aliona shingo yake ikivimba. Aliona mkono ukiikunja kofia, ukiikunja tena, mpaka ukingo ukavunjika.

"Shuka kidogo, Tryphosa!" akapaza. "Kata mstari mzima! Tuna nusu saa!"

Shina la nne likaanguka.

"Wachaa!" Onsongo alipiga ukelele, tayari mbioni, akipindua viti. "Wacha! Si hapo! Mnaniulia chai bure! Ni huku chini, mstari wa tisa, kando ya jiwe la mpaka! Si hapo!"

Akasimama katikati ya uwanja. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka, kidole kikionyesha.

Mzee Ogari alipiga hatua tatu hadi alipokuwa, akakitazama kile kidole, akafuata kilikoelekea, akarudi kukitazama.

"Mstari wa tisa una nini, Onsongo?"

Mkono wa Onsongo ukashuka wenyewe, kama kitu kilichochoka kuning'inia.

"Mchungaji," Ogari akasema bila kugeuka, "tumebaki na kiasi gani?"

"Dakika ishirini na tano. Labda thelathini, mawingu yakiturehemu."

Ogari akachukua jembe kutoka kwa mchimbaji aliyekuwa karibu, akampa Onsongo. "Aliyefukia ndiye ajuaye kufukua."

Walipanda wote, umati mzima, na jeneza nyuma. Onsongo hakuhesabu mistari. Miguu yake ilikuwa imeshahesabu miaka saba. Alisimama kando ya jiwe la mpaka, akaweka mkono juu ya shina moja, kama anayemtuliza ng'ombe, halafu akalikata. Akakata la pili. Akachimba akiwa amewapa watu mgongo, na hakuna aliyemsaidia, maana hakuna aliyeambiwa.

Jembe likalia. Sauti ya chuma na jiwe.

Figa la kwanza lilitoka jeusi kwa masizi upande mmoja. La pili. La tatu lilikuwa limeinama kidogo, na Nyanchera akalikumbuka: ndilo lililoinamisha sufuria ya Esnah, ugali ukabaki mbichi. Kati ya mafiga, udongo ulikuwa mgumu, mwekundu kuliko wenzake, wenye mstari wa majivu. Mwakilishi wa chuo alipiga magoti na suruali yake nzuri, akauvunja kidogo kwa kidole.

"Huu umepikwa," akasema taratibu. "Yeye mwenyewe alitufundisha. Alisema udongo ukiungua hausahau."

Ogari naye akachukua kipande, akakiweka ulimini. Akatafuna. Watu wakangoja.

"Nyumba," akasema, na kutema.

Baada ya hapo hakuna aliyepewa dakika. Ogari alipima kwa hatua upande wa kulia wa mafiga, akachora kwa fimbo, na wanaume wakaingia kwa zamu, sita sita, mashati yakaning'inizwa kwenye chai. Onsongo alichimba zamu ya kwanza, na ilipokwisha hakutoka, akachimba ya pili. Vijana walishuka bondeni, wakakiinua kile kibanda kizima, fito na nyasi, wakakipandisha mabegani wakiimba, chura mmoja akidondoka njiani, wakakisimamisha juu ya mafiga.

Jua lilikuwa limebaki kipande kama ukucha. Mchungaji Abner aliomba sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na wengi walisema baadaye ndiyo iliyofika. Mchanga ukarudishwa kwa majembe, kwa mikono, kwa kofia. Kofia ya Onsongo nayo ilibeba.

Nyanchera hakuwepo kwenye mchanga. Alikuwa ameshuka jikoni mwake, mbio za mbuzi mzee, na sasa alikuwa akipanda tena mlima, kigae mkononi, kaa la moto ndani yake, jani la mgomba juu. Aliteleza mahali palepale alipoteleza miaka kumi na moja nyuma, na akalaani kwa maneno yaleyale, ingawa mchungaji alikuwa karibu. Alifika mlangoni mwa kibanda. Akampa Esnah kigae.

Esnah alikipokea. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, na Nyanchera safari hii hakukwepa, akasimama akitazamwa, mabati na sukari na yote.

"Ulinyamaza miaka saba, Mama," Esnah akasema.

"Saba."

Esnah akainama, akaingia, akaweka kaa kati ya mafiga na kulipuliza. Moshi ukapenya kwenye nyasi, mweupe, ukapanda juu ya majani chai, pasipo mvua wala ukungu wa kuuficha. Umati mzima uliuona. Kisha jua likazama.

Watu walipoanza kushuka kimya kimya kuelekea Sabato, Onsongo alibaki. Alikuwa ameketi kwenye udongo, mikono myekundu hadi viwiko, akitazama mashina yaliyolala na mizizi juu. Mamake akaja akaketi kando yake, si karibu sana.

Walikaa hapo mpaka nyota ya kwanza.

"Manne," Onsongo akasema hatimaye, sauti imekauka. "Tryphosa aling'oa manne. Yenye afya kabisa."

"Matano," Nyanchera akasema. "Moja aling'oa wakati nikieleza habari za mbuzi."

Onsongo alimgeukia. Kwa muda haikujulikana uso ule utakwenda upande gani. Halafu akasimama, akajipangusa, na akamnyooshea mkono wa udongo amwinue, akimvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.